Kanizimia maiki nikiwa kwenye habari ya mateka! Huyu mtu tumvumilie mpaka lini?

Wakuu, nimetoka kwenye mjadala wa sauti sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana anayeendesha mjadala, mnamjua. Saa nzima anasifia mipango ya Gavana Lyttelton wa South Carolina, enzi za koloni la Waingereza huko Amerika, ya kulinda mpaka, eti Wacherokee, wenyeji wa huko, ndio walioharibu. Kasifia ngome utadhani ana hisa.

Nikaomba nafasi, kwa adabu kabisa. Nikasema: Oktoba 1759 wajumbe wa Cherokee walifika Charleston kutafuta amani. Gavana akawazuia, akasafiri nao chini ya ulinzi wa jeshi la watu zaidi ya 1,000 mpaka ngome ya Fort Prince George. Zaidi ya 20 wakafungiwa humo kama mateka. Nikafungua mdomo niseme Februari 16, 1760... KANIZIMIA MAIKI.

Siku hiyo Oconostota, kiongozi wa Cherokee, alimwita kamanda wa ngome, Coytmore, nje, Coytmore akapigwa risasi, na askari wakawageukia mateka wakawaua. Ni hilo tu nilitaka kusema. Sentensi moja! Watu wameuawa wakiwa wamefungiwa, yeye anasema "tuendelee na ramani". Kazima maiki kwenye mateka, wakuu. Kwenye MATEKA!

Kijukuu: Pole mkuu. Ila na wewe ukipewa maiki mpaka unyang'anywe kwa nguvu.

BibiRamani: Kuzimiwa maiki ni nafuu. Mimi nilieleza kwamba Fort Loudoun, ngome ya Waingereza kule ng'ambo ya milima, Wacherokee wenyewe waliitaka ilinde familia zao wapiganaji wakienda kupambana na Wafaransa. Akanijibu, "Dada, hayo ni ya jikoni." Ya jikoni! Baadaye Wacherokee hao hao walipoizingira, askari walikula farasi wao, Agosti 1760 wakasalimu amri. Huo ni mpango gani usio na njia ya kupeleka chakula?

Mwenye uzi: Ndiko nilikokuwa naelekea, dada yangu! Halafu 1761 Grant, kamanda wa jeshi la Waingereza, akachoma miji 15 ya Cherokee pamoja na mashamba ya mahindi. Ulinzi gani huo? Nimezimwa kabla sijafika hapo.

MzeeWaNgome: Mnahangaika na Lyttelton bure. Hasira zangu ziko kwa De Brahm, mhandisi wa hiyo Fort Loudoun. Kagombana na Kapteni Demere, mkuu wa askari wa hapo, Desemba 1756 kaondoka zake anasema kazi imekwisha, wenzake wanaona haijaisha. Fundi wangu wa choo ni kama huyo huyo.

Kijukuu: Wako kaacha choo? Wangu kala hela ya saruji tangu Ramadhani, simu hapokei.

BibiRamani: Wangu anapokea. "Niko njiani mama." Njiani mwezi wa tatu.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa mateka!

MzeeWaNgome: Tunarudi mkuu, subiri. Kijukuu, mlikubaliana mifuko mingapi?