Nyumba ninayoishi HAIPANGISHWI! Madalali, ondoeni hizo picha

Nawaambia nyote mnaojiita madalali wa Kisauni, Bamburi na Nyali, wenye ofisi na wenye simu tupu. Nyumba ninayokaa mimi hapa Kiembeni, Mombasa, vyumba viwili, geti la kijani, vigae vya maua jikoni, haipangishwi. Ina mtu. Mtu mwenyewe ni mimi. Kodi nalipa, mkataba ninao, na wala sina mpango wa kuhama.

Lakini huko mitandaoni nyumba hii haitoki sokoni. "Kodi 14,000, maji saa ishirini na nne, ulinzi, hatua chache kutoka barabarani." Na kila mwezi ukikaribia kuisha nagongewa geti na watu ambao wameshailipia. Si watu wa kuja kuangalia, la. Wameshalipa kodi na dipoziti, 28,000, na tuktuk iko nje imesheheni godoro, mtungi wa gesi na ndoo.

Hebu niambieni, mtu kama huyo unamwambia nini? Juzi walikuja mabinti wawili, wametoka Taita, wamepata kazi hotelini Shanzu. Ndiyo mara yao ya kwanza kupanga maishani. Mmoja akanionyesha simu: "Mama, si ndiyo hii?" Nikatazama. Ndiyo hii kweli. Jiko langu, dirisha langu, ila halina pazia, kwa sababu picha zilipigwa kabla sijahamia. Mwenzake akaketi pale pale juu ya godoro akalia, na dereva wa tuktuk naye anadai pesa yake, ati yeye hakutapeli mtu. Nikawakaribisha ndani wakalala kwangu. Lakini mimi sina nyumba ya wageni, jamani, na watu hawaishi kuja.

Sasa jirani zangu wanacheka. "Ujinga wa mtu ndio mtaji wa mwingine." Huko kwenye makundi ya kupangisha mitandaoni ndiyo balaa, mtu akieleza alivyoibiwa anatukanwa mpaka anafuta alichoandika. Hapo ndipo damu inaponichemka. Nyinyi mnaocheka, mlipotafuta nyumba hamkulipa pesa ya kuona? Si mlitoa mia tano, mlitoa elfu moja, mkazungushwa nyumba tatu za ovyo, mbili zina watu, ya tatu choo kimeziba, na pesa haikurudi? Mkaona ni kawaida. Kisha dalali akawaambia "kuna mtu mwingine anaitaka, tuma kitu kidogo niishikilie", mkatuma. Mtu aliyefunzwa na mji mzima kulipa kabla ya kuona, atashangaa vipi kuambiwa alipe kabla ya kumjua mwenye nyumba? Tapeli hakuvumbua chochote. Amechukua mazoea yetu akayasogeza hatua moja mbele.

Na mwenye nyumba wangu pia simwachi. Nyumba hii ilipokuwa tupu aliitoa kwa kila dalali aliyepiga simu. Yeye halipi hata senti, kwani dalali hula kwa mpangaji, basi yamhusu nini nani anapiga picha, nani anazituma wapi? Nilipomwambia kuna watu wanauza nyumba yake kwa picha, akanijibu, "Wewe si umo ndani? Tatizo liko wapi?" Tatizo liko getini, mzee wangu. Njoo siku moja tarehe thelathini ufungue geti wewe.

Nimewauliza wote waliofika kwangu, na ukiwasikiliza utasema ni mtu mmoja aliyetapeliwa mara nyingi. "Mwenye nyumba" hayupo, yuko Dubai au Saudia, kwa hiyo kuonana haiwezekani. Anayeonyesha ni "mpwa wake". Ndani hakuingiliki leo kwa sababu "mpangaji wa sasa anahama Ijumaa, hataki kusumbuliwa", basi wanaonyeshwa geti tu, kwa nje. Yaani huwa wako pale nje mimi niko ndani napika! Mkataba unakuja kwa simu, una muhuri mzuri kuliko wa serikali. Halafu haraka: leo kabla ya saa kumi, la sivyo inachukuliwa.

Na jina. Hili nalirudia kwa wanaotafuta nyumba mara ya kwanza, kwa sababu wote waliona na wote walinyamaza. Ukituma pesa kwa M-Pesa, jina la anayepokea linatokea kabla hujakamilisha. Mkataba unasema mwenye nyumba ni Fulani bin Fulani, M-Pesa inaleta jina la mtu mwingine kabisa. Wanamuuliza, anasema, "Hiyo laini ni ya mke wangu." Mwingine aliambiwa ni ya mhasibu. Mhasibu wa nyumba moja! Jina likikataa kufanana, simamisha hapo hapo. Kama umeshatuma, usikae kubishana naye kwenye WhatsApp. Ule ujumbe wa muamala upeleke namba 456 ya Safaricom papo hapo uombe pesa irudishwe, maana ikishatolewa kwa wakala umeipungia mkono. Tena usifute ujumbe hata mmoja.

Najua atatokea mjuaji aseme wafanye uchunguzi wa hati kwa ofisi ya ardhi. Sawa, ushauri huo ni mzuri kwa mtu anayenunua shamba. Hapa Mombasa, ndugu yangu, nyumba na ardhi mara nyingi si za mtu mmoja. Nenda Majengo, nenda Likoni, nenda huku kwetu Kisauni: mtu kajenga nyumba yake kwa jasho lake juu ya ardhi ya mwingine, na anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja miaka na miaka. Hati itakupa jina la mwenye ardhi tu. Mwenye nyumba halali utamwona ni tapeli, na tapeli aliyenakili jina la kwenye hati utamwona ni halali. Nani anamjua mwenye nyumba, basi? Mwenye kioski wa nje anamjua. Mama wa viazi karai anamjua. Muuza maji wa mkokoteni anajua mpaka nani anadaiwa. Wazee wetu walipangisha vyumba vya nyumba za Kiswahili mwenye nyumba akiwa analala chumba cha mbele kwenye ukumbi huo huo. Kutapeliwa kungeanzia wapi? Wale mabinti, kama wangegonga geti la jirani yeyote kabla ya kutuma, wangeambiwa, "Hapo anakaa mama fulani, hajahama." Ni dakika mbili, bila malipo. Ndiyo sababu mpwa wa mwenye nyumba huwaharakisha warudi kwenye tuktuk.

Swali lingine la kumpima: muulize maji. Mji huu unaletewa maji kutoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, na bado mifereji yakauka wiki nzima. Mwenye nyumba wa kweli atakwambia maji ya mfereji yaja siku gani, kisima ni cha chumvi au la, tangi ni la nani na pampu huwashwa na nani. Atalalamika, maana ana uchungu. Anayekwambia maji ya mfereji yapo saa ishirini na nne Kiembeni, huyo hajawahi kufika Kiembeni.

Wa Nyali nao wana yao, tena ya kitajiri. Huko tapeli anakodi fleti ya wageni, ina kila kitu, kwa usiku mbili. Ana ufunguo, anakufungulia, anakuketisha kwenye sofa, anakupa na juisi. Kwa siku hizo anapokea dipoziti za watu chungu nzima, halafu wageni halisi wanaingia na yeye hayupo. Kwa hiyo kuwa na ufunguo si dalili ya kitu chochote. Muulize mlinzi wa chini huyu bwana amekaa hapo tangu lini, na umuulize huyo bwana akiwa hayupo.

Nije kwa polisi. Nilikwenda na wale mabinti kituoni. Afisa wa mezani akasema hayo ni mambo ya kudaiana, waende wakaelewane. Waelewane na nani, namba haipatikani? Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni jinai, imo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 313, kifungo mpaka miaka 3. Nilimsomea kwenye simu, akanitazama kama mimi ndiye mshukiwa. Lakini namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, akatoa. Usiondoke bila namba ya OB, hata ukiambiwa kalamu imeisha wino.

Na kama unamjua aliyechukua pesa yako, kwa mfano dalali ana ofisi na ana jina, kuna mahakama ya madai madogo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lile baraza la kodi za nyumba msijisumbue nalo, sheria yake ni ya nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba ya 2,500 Mombasa hii nihamie kesho.

Madalali mtakaokuja hapa chini kulia kwamba si wote wabaya: sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, inataka wakala awe amesajiliwa na bodi. Basi tuanzie hapo. Weka namba yako ya usajili kwanza, kisha tuzungumze wema wako. Na utueleze kwa nini wachukua pesa ya kuona nyumba ambayo wajua ina mtu.

Wasimamizi wa makundi ya kupangisha, nimewaandikia, nimewatumia picha yangu nikiwa ndani ya jiko hilo hilo na gazeti la siku hiyo mkononi, kama mateka. Tangazo lilifutwa, kesho yake likarudi kwa jina jingine. Mnaidhinisha kila tangazo kabla halijatoka, na baadhi yenu mnalipwa kulirusha juu. Kwa hiyo msiniambie hamkuona.

Yeyote aliyelipia nyumba ya vyumba viwili Kiembeni, geti la kijani, vigae vya maua, aniandikie faraghani na atume ujumbe wa M-Pesa. Tayari naona namba mbili zinajirudia. Wale mabinti wamekubali kuandikisha taarifa upya, na Jumatatu saa tatu twaenda sote pamoja, safari hii ofisi ya upelelezi, si mezani. Njooni na vitambulisho.