Vada zinakunywa mafuta na ndani ni nzito: kasoro iko wapi?

SigiriMbili (Kampala)

Wapishi, salaam. Naomba mnisahihishe kwenye vada za Wahindi wa Kusini, zile laini zenye tundu katikati. Sisemi bajia, wala bagiya kavu zinazouzwa kwa pakiti.

Vipimo vilikuwa hivi. Dali ya uradi (jamii ya choroko) nyeupe robo kilo, iliyolowekwa usiku kucha na kusagwa kwenye blenda na kikombe kizima cha maji, maana bila maji visu vilizunguka patupu. Chumvi ikaingia humo humo, rojo likakaa saa moja. Nusu niliiweka friji. Nusu nyingine ilikuwa nyepesi hata tundu halishiki, nikaongeza unga wa ngano vijiko vitano, nikakaanga kwa mafuta ya alizeti. Zimetoka nyekundu nje, ndani kama ugali uliolala, na karatasi chini yake imelowa chapa.

Maji yawe kiasi gani? Chumvi iingie lini? Na kwa kuwa uradi ni ghali, je, kunde au maharage yanaweza kushika nafasi yake?

KinuNaMchi (Jinja)

Dada au kaka, dalili zote hizo mama yao mmoja: maji. Vada haiumuki kwa hamira. Inaumuka kwa hewa inayonaswa wakati wa kusaga na kupiga, na kinachoinasa ni ute wa uradi, unaoteleza kama wa bamia, pamoja na protini yake. Ukizidisha maji ute unachujuka na hewa inatoroka. Halafu kwenye karai yale maji yanatoka kama mvuke, na mafuta yanaingia palipoachwa wazi. Unga wa ngano ulishikilia umbo tu. Mnato wake ndio uliokupa ule ugali.

Anza na dali yenyewe. Kwenye maduka ya Wahindi pakiti inaweza kuandikwa urad, udad au adad (hilo la mwisho ni Kigujarati). Ni kitu kimoja. Ukipata nzima iliyokobolewa, chukua hiyo kabla ya iliyopasuliwa, kwani inatoa rojo jingi zaidi. Iwe nyeupe ya maziwa. Iliyogeuka manjano imekaa ghalani mno, na haitaumuka hata ukeshe ukiisaga.

Loweka saa 3, basi. Kwenye baridi ya Kabale labda 4. Usiku kucha inakunywa maji kupita kiasi na kuanza kuchacha. Kata punje kwa ukucha: kama hakuna kiini kigumu katikati, imetosha. Mwaga maji, kisha iache kwenye chujio dakika 10. Hatua hii watu huiruka, na maji yaliyoganda kwenye punje peke yake yanatosha kulegeza rojo.

Blenda usijaze kupita theluthi ya jagi. Robo kilo saga kwa mikupuo miwili. Tumia maji baridi ya friji, kwa sababu blenda ikizunguka inapasha joto, na rojo lenye joto linalegea. Anza na vijiko vya chakula 2 kwa kila mkupuo. Visu vikizunguka patupu, dawa yake si maji: zima, kwangua kando kwa mwiko, sukuma chini, washa sekunde 10, zima tena. Ikigoma kabisa ndipo uongeze kijiko kimoja. Kwa robo kilo yote usivuke vijiko 6. Mwenye olubengo (jiwe la kusagia) nyumbani anasaga kwa kunyunyizia mkono tu, na vada zake zitashinda za blenda, nasema hivyo ingawa mgongo utalalamika.

Rojo laini, lisilo na chenga ukilisugua kati ya vidole, litie kwenye bakuli pana, ulipige kwa mkono kuelekea upande mmoja dakika 4 au 5. Litaongezeka na kuwa jeupe zaidi. Dondosha kidonge cha ukubwa wa punje ya harage kwenye glasi ya maji. Kikielea, hewa imo. Kikizama, piga dakika 2 tena. Kikisambaa, maji yamezidi na kupiga hakutasaidia.

Chumvi kijiko kimoja cha chai, mwisho kabisa, karai likiwa tayari motoni. Viungo viingie wakati huo huo: kitunguu kidogo kilichokatwa ndogondogo, pilipili mbichi 2, tangawizi kiasi cha kidole gumba, majani 8 ya karipata (majani ya mchuzi), nusu kijiko cha pilipili manga iliyopondwa, na mvuje kidogo sana. Chumvi inavuta maji, hasa ya kitunguu. Saa moja uliyoliacha rojo lako ndiyo iliyolimaliza.

Kutengeneza umbo, jani la mgomba. Huko India ya Kusini nao hulitumia, na sisi hapa tunalo nje ya mlango. Kata kiasi cha kiganja, lipitishe motoni lilainike lisipasuke, lilowanishe. Weka donge la ukubwa wa ndimu, toboa kwa kidole chenye maji, lipindulie kwenye vidole vilivyolowa, uteremshe kwenye mafuta. Tundu lina kazi: bila hilo, nje inaungua katikati kukiwa kubichi.

KarailaChuma (Arua)

Kinu amemaliza upande wa rojo. Naongeza moto, kwa sababu sigiri haina kitufe.

Usianze kukaanga makaa yakiwa mekundu yanawaka. Subiri yavae jivu jeupe, ndipo moto unatulia. Mafuta yawe na kina cha sentimita 5 hivi katikati ya karai. Vada ikigusa chini inapata doa jeusi upande mmoja. Joto unalotaka ni kati ya nyuzi 170 na 175. Bila kipimo, dondosha tone la rojo: lizame, likae kama sekunde 2, kisha lipande taratibu likitoa mapovu. Likiruka juu papo hapo na kubadilika rangi, ni moto mno, na hiyo ndiyo njia ya kupata nyekundu nje na mbichi ndani. Likilala chini bila haraka, mafuta ni vuguvugu na vada itayanywa hata kama rojo lako ni zuri.

Tia 4 kwa wakati mmoja, zisizidi, maana kila moja inashusha joto. Geuza baada ya dakika moja na nusu. Jumla dakika 5 hadi 6, mpaka mapovu yapungue na sauti ya karai itulie. Sauti inaniambia mengi kuliko rangi. Moto ukizidi, funga mlango wa hewa wa sigiri au sogeza karai nusu nje ya makaa. Kumwaga mafuta baridi kwenye mafuta ya moto ili kupunguza joto ni kosa, kwani yanashuka ghafla yote.

Kupasuka pia kunahitaji onyo. Punje ya dali iliyoponyoka visu, au pilipili manga nzima, inajifungia mvuke ndani na kuruka na mafuta. Ndiyo maana Kinu ameandika "iliyopondwa". Mkono uliolowa ukung'ute kabla ya kusogea karai, na vada iteremshwe ukingoni karibu na mafuta, isirushwe kutoka juu.

Kuchuja mafuta, zisimamishe kwa ubavu kwenye chujio la waya. Ukizilaza juu ya gazeti, mvuke unarudi na kulainisha ganda, mbali na wino.

SigiriMbili

Asanteni sana. Saa ile moja kumbe ndiyo iliyoniponza. Rojo lililobaki friji halina unga wa ngano, lakini limekuwa jepesi zaidi. Laweza kuokolewa? Na kunde na maharage hamjayagusa.

LapenaMpya (Lira)

Maharage, hapana, iwe nambale au aina nyingine. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibu tumbo vibaya, na huondoka kwa kuchemshwa kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Dakika 5 za karai haziaminiki, kwa kuwa katikati ya donge lenye maji hapafiki joto la mafuta yaliyo nje. Ukiyachemsha kwanza yanakuwa uji, na vada haipo.

Kunde zinawezekana ukizimenya, ila utapata bajia za kunde za watu wa pwani. Tamu, sina ugomvi nazo, lakini hazina ule ute, kwa hiyo usihangaike na tundu.

Kama shida ni bei, hama aina. Kerala wana parippu vada, kavu na ya kutafunika, inayopikwa kwa dali ya mbaazi au ya dengu. Mbaazi ndizo hizi hizi lapena zetu za kaskazini. Ukinunua nzima zilizokauka, loweka usiku kucha, zisugue kati ya viganja ndani ya maji mengi. Maganda yanaelea, uyamwage. Ukinunua dali iliyokobolewa na kupasuliwa, saa 2 zinatosha.

Hapa maji hayaruhusiwi hata tone. Chuja dakika 20, kisha zikaushe kwa kitambaa. Kwa robo kilo, weka kando vijiko 3 vya dali isiyosagwa. Nyingine washa na uzime blenda mara 5 au 6 tu, ibaki chengachenga kama mchele uliovunjika. Changanya na ile ya kando, kitunguu kimoja, pilipili 3, tangawizi, karipata, kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko cha shamari ukipenda mtindo wa Tamil Nadu. Finyanga ngumini: likishikana na kutoa ufa mdogo pembeni, ni sawa. Bapa liwe sentimita moja katikati na jembamba ukingoni, maana ukingo ndio unaotafunika.

Mafuta nyuzi 170, na usiiguse kwa dakika ya kwanza, la sivyo inasambaratika. Ikisambaratika hata hivyo, chenga ni kubwa mno: chukua konzi moja, isage laini, irudishe iwe gundi. Ikitoka ngumu kama jiwe, ulisaga yote laini. Watu wengi huongeza unga wa dengu kama tiba ya kila kitu. Kwa hii unaleta ladha ya bajia, basi.

KinuNaMchi

SigiriMbili, linuse kwanza. Uchachu kidogo hauna neno. Harufu mbaya au utelezi wenye rangi, mwaga.

Likiwa zima, tia unga wa mchele vijiko 2 vya chakula na semolina kijiko 1, liache dakika 15 semolina inywe maji, kisha piga. Tundu lisahau, chota kwa kijiko ukidondosha vidonge vya mviringo, vitakuwa bonda. Havitakuwa vyepesi sana, ila mafuta hayatajaa. Unga wa mchele kama huuoni dukani, saga mchele mkavu kwenye blenda na uuchekeche.

Hata rojo zuri mimi hulitia kijiko kimoja cha unga wa mchele kwa robo kilo, ganda lipate kulia.

KarailaChuma

Hapo tunaachana, mzee. Kijiko hicho kinasaidia dakika 20 za kwanza, halafu vada inakuwa kavu mdomoni. Kwa wageni wanaochelewa, usitie.

KinuNaMchi

Wageni wakichelewa zitakuwa za sambari (mchuzi wa dali na ukwaju) au mtindi. Zitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, zikamue kwa viganja bila kuzivunja, kisha mwagia mtindi uliopigwa na chumvi, au sambari ya moto. Mchele hausikiki tena humo.

LapenaMpya

Chatine ya nazi ikiwa ghali, fanya ya karanga kama watu wa Andhra. Karanga zilizokaangwa nusu kikombe, pilipili mbichi 2, ukwaju kiasi cha punje ya harage, chumvi, maji robo kikombe, saga. Pasha kijiko cha mafuta, tia nusu kijiko cha mbegu za haradali, funika zikianza kuruka, ongeza majani 5 ya karipata, mwagia juu. Karanga ziwe zimeondolewa ngozi, kwani ngozi inaleta uchungu na rangi ya udongo.