Matuta ya maua kwenye mchanga wa Kigamboni

dada_kgm: Habari wadau, nimeshapanga tofali mbele ya nyumba nataka matuta ya maua ila huku kwetu mchanga mtupu, ukimwaga maji yanapotea hapohapo, nifanyeje na nipande nini?

fundi bustani: Changanya udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, mbichi inaunguza mizizi. Tofali za chini acha upenyo maji yatoke, masika yakija utanielewa

Bi Mkubwa: Mwanangu waridi achana nayo kwanza, weka bogavilia na asumini zinapenda jua. Juu tandaza makumbi ya nazi unyevu usikimbie, mwagilia asubuhi au jioni

dada_kgm: Asante bi mkubwa, na hawa kuku wa jirani je??

fundi bustani: Hao wavu tu dada 😂