Mjadala: Vidonge vya "kufuta seli zee" viachwe viuzwe tu?

Mleta mada, Magomeni: Wakuu, salaam. Juzi ba' mdogo, miaka 71, magoti yamemchosha, kapanda mwendokasi hadi Kariakoo, karudi na kichupa. Lebo ina picha ya mzee anaruka kamba. Kaambiwa kinafuta seli zilizozeeka.

Nilitaka kucheka, ila hoja yenyewe ina mizizi. Mwaka 1961 Hayflick na Moorhead, kule Philadelphia, walionyesha kuwa seli za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, halafu basi. Hazifi. Zinabaki zinamwaga kemikali za uvimbe zinazoharibu majirani, kama mpangaji asiyelipa kodi, hahami, na usiku anafungulia muziki. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa kwa panya waliofanywa wazeeke haraka, na misuli yao ikachelewa kuchakaa. Sasa mtu mzima akinunua kwa hela yake tumzuie kwa lipi? Mimi nasema viuzwe.

Wa Mbagala: Bei?

Mleta mada: Elfu 85.

Wa Mbagala: Ba' mdogo kapigwa.

Mfamasia, Sinza: Ndani kuna nini?

Mleta mada: Kwesetini. Ile ya kwenye vitunguu.

Mfamasia, Sinza: Basi kauziwa nusu ya hadithi. Kwenye utafiti wa 2015 kwesetini ilipewa mwenza, dasatinibu, dawa ya saratani ya damu. Hiyo haikai rafu moja na mafuta ya nazi. Jaribio la kwanza kwa watu, lililochapishwa 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wa makovu ya mapafu. Kumi na wanne! Na kwa magoti hasa, dawa nyingine ya kufuta seli zee, UBX0101, ilidungwa ndani ya goti, na mwaka 2020 ikaonekana haikuishinda sindano isiyo na dawa. Lebo ikidai inatibu, isajiliwe kama dawa. Sina zaidi.

Mwalimu wa baiolojia, Kigamboni: Mimi huyo mpangaji ananisumbua. Ukijikata kisu jikoni, seli za namna hiyo hujitokeza kusaidia kidonda kufunga. Na seli iliyoharibika ikigoma kugawanyika, imekuepusha na saratani. Kuna panya wengine, utafiti wa 2020, waliondolewa seli zenye p16 nyingi, protini inayotumika kama alama ya seli zee. Zile za kuta za mishipa midogo ya ini hazikupata za kuziba pengo, ini likaota makovu. Usimwite mpangaji kabla hujajua kama ni nguzo iliyobeba dari.

Mleta mada: Mwalimu, hapo umenipunguza kasi. Lakini lebo ikiandikwa hayo yote kwa Kiswahili kinachosomeka, bado mtakataza?

Mfamasia, Sinza: Ikiandikwa hayo yote, muuzaji mwenyewe atakitoa dukani.

Mleta mada: Nimemwambia ba' mdogo tukirudishe. Kasema kameza kumi tayari, na goti la kushoto jepesi.

Wa Mbagala: Na la kulia?