Mjadala: Je, sampuli moja ya vinasaba itoshe kumvua mtu uzazi wake?

Wapo wanaoshikilia kwamba kipimo cha vinasaba hakikosei, na kwamba kikionyesha mtu si mzazi wa mtoto, mahakama haina tena la kuuliza. Mimi napinga.

Hutokea, ingawa ni kwa nadra, kwamba mayai mawili yaliyorutubishwa, ambayo yangezaliwa mapacha wasiofanana, huungana katika siku za mwanzo za mimba na kukua kuwa mtu mmoja. Mtu huyo, ambaye wataalamu humwita kimera, huwa na seli za asili mbili: damu yake yaweza kubeba vinasaba hivi, ilhali ovari au korodani zake zinabeba vingine. Mara nyingi yeye mwenyewe hana habari, kwa kuwa haugui chochote.

Mwaka 2002, mwanamke mmoja wa jimbo la Washington, Marekani, aliomba msaada wa serikali kwa ajili ya watoto wake, na vipimo vikasema kwamba hakuwa mama yao. Alishukiwa udanganyifu na akawa hatarini kunyang'anywa watoto. Kwa vile alikuwa mjamzito, mahakama iliagiza shahidi awepo anapojifungua. Mtoto akapimwa, na majibu yakawa yaleyale. Hebu tutafakari uzito wa jambo hilo: mama amezaa mbele ya shahidi wa mahakama, na bado karatasi inamkana. Kilichomwokoa ni seli za mlango wa kizazi, ambazo vinasaba vyake viliafikiana na vya wanawe. Hata hizo zilichukuliwa baada ya kujulikana kisa cha mwanamke wa Boston, naye akiwa kimera ambaye vipimo vilisema si mama wa wanawe, ambacho madaktari walikuwa wamekichapisha mwaka huohuo.

Najua hoja inayorudi: kila aliyeshindwa atadai kuwa ni kimera, na kesi hazitakwisha. Ni hoja nzito, lakini vinasaba vyenyewe vinasaidia kuijibu. Kwa kuwa seli hizo za asili mbili zina undugu wa mapacha, mzazi aliye kimera haonekani mgeni kabisa kwa mtoto wake, bali huonekana kama mama mdogo au ami yake. Asiye na nasaba yoyote na mtoto hana mlango hapo. Ni kweli kwamba matokeo hayo yaweza pia kumaanisha kuwa ndugu yake ndiye mzazi halisi, na ndiyo sababu nasema sampuli ya pili, kutoka sehemu nyingine ya mwili, iwe ya lazima kabla ya hukumu. (Aliyepandikizwa uboho naye aulizwe mapema, maana damu yake sasa hubeba vinasaba vya aliyemchangia.)

Ninalotaka tujadili ni hili: ikiwa sampuli inayohitajika ni ya mbegu za kiume au ya mlango wa kizazi, je, mahakama iwe na uwezo wa kumlazimisha mtu aitoe, au akikataa ihukumu kwa ile ya kwanza? Na gharama aibebe nani?