Tupeane uzoefu: kulala kambi ya umma kando ya mto, hakuna umeme, hakuna bomba

MtuWaMbarali

Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Septemba nampeleka mama Ruaha, na tunataka kulala kambi ya umma kule Msembe, ukingoni mwa mto. Hema, si hoteli. Wazo ni la mama mwenyewe. Kazaliwa Mbarali, kalima mpunga Usangu tangu akiwa binti, na maji ya mpunga ule ni ya mto huohuo, Ruaha Mkuu, kabla haujashuka hifadhini. Ana miaka 66 na hajawahi kuona unakoelekea.

Shida ni kwamba mama anajidunga insulini, na pale hakuna pa kuchomeka waya. Nina Prado ya zamani, kuli boksi, na hema la kuazima. Mke wangu yeye ana swali moja tu: choo usiku. Mliowahi kulala kambi za namna hii, popote pale, mwageni uzoefu. Waliosoma tu wasubiri kwanza.

Mpishi wa Pori

Mkuu, nimepikia wageni kwenye kambi za hifadhi miaka 14, Ruaha nimelala hadi nimechoka kuhesabu. Ngoja nikutoe ndotoni mapema: Septemba mwishoni usitegemee mto, tegemea mchanga. Tangu 1993 Ruaha Mkuu unakatika kiangazi. Maji yanaishia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, huko Usangu. Pale yanapotoka Ihefu kuja huku, panaitwa Ng'iriama, kuna mwamba kama kizingiti cha mlango, na maji yakishuka chini ya kizingiti hayavuki. Huku chini yanabaki madimbwi, na kila chenye roho kinanywea hapo. Ndiyo maana wanyama utawaona bila kuhangaika. Na ndiyo maana hema lako litakuwa njiani kwao.

Kabla hujashusha mzigo, tembea na askari ukitazama chini. Mapito ya kiboko huwezi kuyakosa: ni mistari miwili iliyochimbika, katikati pamebaki tuta jembamba, yanatoka majini kupanda malishoni. Usiyazibe. Kiboko anatoka usiku kula majani, alfajiri anarudi kwa njia ileile, na akikuta kitu kimekaa kati yake na maji hana mazungumzo.

Mwaka mmoja mteja alificha machungwa mawili kwenye begi la nguo. Nilikuwa nimetangaza, matunda yote yakae garini, yeye akaona mawili si kitu. Saa nne usiku tumekaa banda la kulia, tukasikia kitambaa kinachanika, polepole, kama mtu anafungua bahasha. Tembo dume. Alichana ubavu wa hema, akavuta begi, akalimwaga chini, akachagua machungwa yake akaondoka. Hata hema la jirani hakuligusa. Yule mteja usiku huo alilala garini, na kesho yake pia.

Maji bebeni yenu. Watu wanne kwa siku mbili mimi nafunga madumu matatu ya lita 20. Dimbwini usichote kamwe. Mamba akikuona leo mahali fulani na kesho palepale, keshokutwa anakuwa amekutangulia.

Shemeji mwambie hivi: ndoo yenye mfuniko, ndani ya hema. Watu wanacheka mpaka saa tisa ya usiku.

Kijana wa Kambi

Mpishi kamaliza. Naongeza moja: kama mto umekauka, hema pigeni palepale kwenye mchanga. Tambarare, hakuna mizizi wala siafu, mgongo unapumzika. Nimefanya hivyo mara mbili mito ya Dodoma huko, nililala kama mtoto.

Msee wa Isiolo

Wewe kijana, futa hiyo kabla mtu hajakufa.

Mimi niko upande wa Kenya, nimeendesha matatu na baadaye gari za safari pande za Samburu na Buffalo Springs, kambi za kando ya Ewaso Nyiro. Huo mto nao hukauka, unaweza kuvuka na kandambili. Lakini maji yake hayatoki Samburu. Yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, mbali sana. Mvua ikinyesha huko usiku, wewe huku umelala chini ya nyota, hakuna hata wingu, na maji yako njiani.

Machi 2010 yalikuja asubuhi. Yalibeba kambi na hoteli za pande zote mbili, mahema, vitanda, magari, watu wakatolewa kwa helikopta. Mimi sikuwa hapo siku hiyo, nilienda wiki iliyofuata kubeba wafanyakazi. Nikaona godoro juu ya mti wa doum. Juu, nasema, pale ndege anajenga kiota. Tangu hiyo siku nikifika kambi yoyote ya mto mimi huangalia miti kwanza: takataka na nyasi kavu zilizonasa kwa matawi zinakuonyesha maji yalifika wapi. Hema linaenda juu ya hapo. Na gari linaangalia barabara, si mto, ufunguo ukiwa mfukoni.

Mzee wa Prado, Septemba pengine hakuna mvua huko kwenu, lakini hiyo habari ya kulala mchangani achana nayo.

Kijana wa Kambi

Nimekuelewa kaka mkubwa. Mara mbili zile naona nilibahatika.

Fundi Betri

Nije kwenye umeme maana naona wote mnaogopa tembo, hakuna anayeogopa betri.

Mwaka juzi nilikuwa kando ya Rufiji, Hifadhi ya Nyerere. Nina friji ndogo ya gari, ya volti 12. Nikaichomeka kwenye betri ya gari lenyewe, nikasema usiku mmoja tu. Friji ile ikiunguruma inavuta kama ampea 4, na kwa joto la Rufiji haikupumzika. Betri yangu ni ya ampea-saa 70. Piga hesabu mwenyewe: saa kumi na mbili mara nne ni 48, na kilichobaki hakikutosha kuwasha injini. Asubuhi nawasha gari, *tk*. Basi. Ng'ombe kafa malishoni. Mimi, fundi wa betri, na mke wangu ananitazama bila kusema neno, na wanajua waliooa kwamba hapo ni pabaya kuliko akisema.

Tulikaa hadi saa kumi jioni ndipo likapita gari la kutubusti. Huwezi kutembea kwenda kuomba msaada, ni hifadhi.

Kwa hiyo mkuu: betri ya pili, iliyotengwa kabisa na ya kuwashia gari, na paneli ya wati 100 ukiipata. Paneli ifunge kwa kamba, nyani hupenda vitu vinavyong'aa. Kama huna uwezo wa hayo, achana na friji. Barafu ya chupa kwenye kuli boksi inakupa siku mbili ukiiweka kivulini na usipoifungua kila dakika kutafuta soda.

NesiMstaafu

Mwanangu MtuWaMbarali, hongera kwa kumtoa mama. Friji si lazima kama mnavyofikiri.

Insulini ambayo haijafunguliwa ndiyo inayotaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kichupa anachokitumia sasa, kwa aina nyingi, huvumilia nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina. Soma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, usitegemee mimi wala jirani. Mchana wa Septemba huko joto litapita hapo, kwa hiyo fanya kitu cha bibi zetu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mchanga uloweshe, juu funika kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Nimefanya kazi zahanati isiyo na umeme, nakijua ninachosema. Kichupa kifungie kwenye mfuko usiopitisha maji kwanza.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulaza dawa juu ya barafu. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Na usiiache kwenye dashibodi, hata ukienda haja ndogo tu.

Halafu usiku. Sukari ikimshuka mama saa nane huwezi kukimbilia garini gizani. Mpishi kasema matunda yasiingie hemani, sawa kabisa. Weka glukosi ya unga kwenye kopo lililofungwa vizuri, kando ya mto wake wa kulalia. Chakula cha jioni kiwe mapema, asilale tumbo tupu kwa sababu nyama ilichelewa kuiva.

Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata kukiwa na baridi ya namna gani, hata likibaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu. Nimewahi kupokea wawili waliolala hivyo, mmoja akaamka.

BintiKisauni

Assalaam alaykum. Miye wa Mombasa ila niko California miaka kumi sasa, na ntawachekesha, maana huku kwenye nchi ya umeme nilikwenda kukaa gizani kwa kulipa.

Tulikwenda Yosemite, kambi ya North Pines, mto Merced unapita ubavuni. Kambi za mle hifadhini hazina pa kuunganisha umeme wala maji kwa trela, lakini nafasi zikifunguliwa mtandaoni huisha dakika chache. Mume wangu alikodi trela ya kulala, akaringa nayo njia nzima. Ina jiko, ina choo, ina hita.

Ni Mei. Mchana jua, usiku baridi ya kukata masikio. Tukawasha hita, ya gesi, tukasema gesi ipo tele. Hatukujua kwamba gesi inachoma lakini feni inayosukuma hewa yatumia betri. Saa tisa usiku feni ikanyamaza, pampu ya maji ikanyamaza, choo nacho kikanyamaza. Na jenereta huruhusiwi kuwasha wakati utakao: ni kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, mbili mchana na mbili jioni, basi. Tulijifunga mablanketi wanne kwenye kitanda kimoja tukingoja saa moja asubuhi kama watu wangojao kufuturu. Fundi Betri, nilipokusoma nilicheka peke yangu.

Tembo huku hakuna, kuna dubu. Kila kambi ina kabati la chuma, na si chakula tu kiingiacho: sabuni, dawa ya meno, mafuta ya watoto, udi wangu. Chochote kinukacho. Dubu hufungua mlango wa gari kama afunguaye kopo.

Na huyo msee wa Isiolo asema kweli juu ya maji. Pale bondeni palikuwa na kambi mbili zaidi za kando ya mto. Januari 1997 mvua ya vuguvugu iliangukia theluji, Merced ukafurika, kambi zile zikaharibiwa. Mto ule mwezi Mei ni theluji iliyoyeyuka. Nilitia mguu nikahisi kama mfupa wanipasuka.

Tulirudi tena mwaka uliofuatia. Kwa hema.

Mpishi wa Pori

Dada wa Kisauni, huyo dubu na fisi wa kwetu ni ndugu. Nilisahau fisi! Mkuu, viatu msiache nje. Sufuria chafu msiache nje. Fisi anatafuna chochote kilichoguswa na jasho au mafuta, na kuli boksi anaibeba ikiwa nzima. Usiku ukilazimika kutoka, fungua zipu kidogo, zungusha tochi mduara mzima, ngoja. Macho yakirudisha mwanga, funga zipu, rudi kwenye ndoo.

Mbung'o nao wapo njiani. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, zinawaita.

MtuWaMbarali

Wakuu, tumerudi. Niliahidi mrejesho.

Tulipita Idodi na Tungamalenga, tukajaza madumu huko. Kambini tulikuwa sisi na gari moja la vijana kutoka Mbeya. Askari alituhamisha mara mbili: kwanza kwa sababu ya mapito ya kiboko, ambayo kweli kabisa ni mistari miwili na tuta, halafu kwa sababu ya mkwaju uliokuwa umeiva. Vyungu vya nesi vilifanya kazi. Kipimajoto changu cha jikoni kilisoma 23 ndani wakati nje ni 34. Sukari ya mama haikuyumba. Wa kwanza kuicheka ndoo ni mke wangu, na wa kwanza kuitumia ni huyohuyo.

Mto ulikuwa mchanga, kama alivyosema Mpishi. Asubuhi ya pili tulisimamisha gari ukingoni tukawakuta tembo, majike na watoto, wanachimba. Jike anapiga mguu wa mbele, anachota mchanga kwa mkonga, anangoja maji yajikusanye, anakunywa, mtoto anasukumwa pembeni. Mama alitazama karibu saa nzima na hakutaka chai. Mwishoni akaanza kuongea, hata sijui kama alikuwa anaongea na mimi. Akasema enzi zao walikuwa wanafungulia maji yaingie shambani usiku kucha, hata majaruba yakiwa yamejaa, ili jirani wa chini asiyapate kabla yao. Yakizidi yalimwagika porini tu.

Akauliza kama kuna namna ya kufika Ng'iriama aone hicho kizingiti. Nimemwambia nitaulizia. Mwenye kujua njia, na kama Prado inapita, aniambie.

Kiatu changu cha kushoto kilichukuliwa usiku wa kwanza. Nilikiacha nje, ndiyo, najua.