Mwanangu ana sukari, huu unga wa bakteria wa tumbo ni kweli? Naomba ushauri

MamaWete
Assalaam alaykum wana jamvi. Mie nipo Wete, mwanangu miaka saba, ana sukari ile ya watoto tokea mfungo tatu. Nimesoma kwamba kinga yake ya mwili ndo inashambulia kongosho, na eti chanzo ni bakteria wa tumboni kuharibika, na yeye uchanga wake kanywa antibayotiki nyingi. Sasa nimeletewa unga wa bakteria wazuri kutoka ng'ambo, elfu 80 kopo. Aliyewahi kutumia anambie, unatiwa kwenye mtindi au maji?

Baharia71
Mtindi tu dada. Sie tumekulia Micheweni kwa mtindi na muhogo, nani alikuwa na sukari? Bibi alikuwa na ng'ombe akimwita Shani, mkali huyo, siku moja alinitupa mpaka shimo la mbolea

NesiMstaafu
W/salaam. Habari ya bakteria si uongo wote. Finland ndo kinara wa sukari ya watoto duniani, jirani zao wa Karelia upande wa Urusi wanaugua karibu mara sita chini, na utafiti wa 2016 ukaonesha watoto wachanga wa huku na kule bakteria zao hazifanani. Lakini hiyo ni kabla ya ugonjwa. Seli za kongosho zikishakufa hakuna unga wa kuzirejesha. Anapigwa sindano ngapi kwa siku?

MamaWete
Anaendelea vizuri alhamdulillah. Nauliza mtindi au maji.

UkhtiChake
Wazazi wa leo bwana, mtoto katoka skuli anapewa juisi ya pakti na chipsi, halafu tunatafuta bakteria

NesiMstaafu
Ukhti, sukari hii haiji kwa juisi. Mamake, nimeuliza sindano.

MamaWete
Haya. Ya usiku nimeacha tokea Jumamosi, jana na ya asubuhi nikampa nusu. Aliyeniuzia kasema sindano inawafukuza wale bakteria. Na msinihukumu, nyie hammshiki mtoto mara nne kwa siku anakwambia mama leo usinichome, mapaja yote vinundu.

KijanaDarajani
Chai hii. Akaunti mpya, kopo elfu 80, sasa hivi atatokea mwenziwe kuweka namba ya simu

MzeeWaUrojo
Na mie nishatia mkono mfukoni 😂😂

NesiMstaafu
Iwe chai, mie najibu kama kweli. Kabla ya 1922, alipodungwa insulini kijana wa kwanza kule Toronto, mtoto wa ugonjwa huu alikuwa anangojewa kuzikwa tu. Mpime SASA. Anakunywa maji sana?

MamaWete
Mashine haitoi namba imeandika HI, nimebadilisha kijiti mara mbili. Kalala hapa mkekani anahema kwa nguvu, kamaliza jagi la pili, mdomo unanukia kama nanasi lililoiva sana

NesiMstaafu
HI maana yake imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma. Spitali sasa hivi, beba insulini yake na mashine. Na kopo pia, walione.

MamaWete
Babake keshamgongea jirani wa gari

KijanaDarajani
Niwie radhi dada. Mkifika tuandikie.

Baharia71
Mtindi wenyewe lakini uwe wa ng'ombe wa kienyeji, nilisahau kusema